Mikau kutoka kila upande: shajara ya shamba la majaribio, Kitui

Juni 2023

Kazi imeanza rasmi. Wazo lenyewe si jipya na si gumu kulieleza, unachukua mbegu za mti wa aina moja kutoka sehemu tofauti tofauti, unaziotesha pamoja, unazipanda kwa shamba moja lenye udongo mmoja na mvua moja, alafu unaangalia nani anafanya nini. Wafaransa wamefanya hivi na misonobari tangu miaka ya 1820, Vilmorin, mfanyabiashara wa mbegu, kwenye shamba lake la Les Barres alipanda misonobari ya mbegu kutoka nchi mbalimbali za Ulaya na ikaonekana wazi kwamba jina ni moja lakini miti si sawa. Ukiitoa mbegu kwao ukaileta kwenu inakuja na tabia za kwao.

Mti wangu mimi ni mukau, Melia volkensii kwa jina la kitaalamu, ndugu wa mwarobaini. Huku kwetu kila mtu anaujua, mbao zake mchwa hazigusi, na unakua haraka mahali ambapo mti mwingine wa mbao ungekuwa bado unajikokota. Sababu ya kuanza sasa ni kile kiangazi tulichotoka nacho. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilitupita hivi hivi, na katika ule ukame nilikuwa naona kitu ambacho hakikunitoka kichwani: mikau miwili ya umri mmoja, kwa mpaka mmoja, mmoja unakauka kuanzia kichwani kushuka chini na jirani yake hatua chache pale anatoa majani mapya. Udongo ule ule. Mtu akisema ni bahati mimi siwezi kukubali mpaka nipime.

Wenye uwezo walishaanza zamani. KEFRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa misitu, na Wajapani wa JICA, shirika lao la misaada, walianzisha mwaka 2012 mradi wa kutafuta mikau inayostahimili ukame, wakachagua miti teule 100 kutoka sehemu kame za nchi, wakakata vikonyo wakavipandikiza kuwa bustani za mbegu huku Kitui na Kibwezi. Mbegu za bustani ninazo pia, zitakuwa kipimo changu. Lakini nataka kujua na hii miti ya kawaida ya mashambani, ile ambayo watu wanaokota mbegu chini yake bila kuuliza, ina nini ndani.

Sasa mbegu. Huku njia rahisi ya kupata kokwa za mukau ni kwenda boma la mbuzi, mbuzi hula tunda wakacheua kokwa, asubuhi unaokota tu zimejaa. Kwa kupanda kawaida hiyo ni sawa kabisa, kwa kazi hii haifai hata kidogo juu hujui mama ni nani. Kwa hivyo nimekusanya chini ya mti mmoja mmoja: Kitui, Kibwezi, Tharaka, na upande wa Kasigau kule Taita. Kila mti mama una namba yake, na kati ya mama mmoja na mwingine nimeacha mita 100 au zaidi ili nisije nikaokota ndugu wa tumbo moja nikidhani ni watu wawili. Miti iliyosimama peke yake bila mwenzake karibu nimeiruka. Mukau unachavushwa na wadudu, na mti ukikosa wenzake mbegu zake zinaweza kuwa chache au dhaifu, na udhaifu wa aina hiyo unaweza kuuita wa ukame kumbe ni wa damu. Mama namjua, baba ni yule nyuki aliyemleta, hiyo siwezi kuidhibiti.

Kuvunja kokwa ndio kazi yenyewe na hapo Mama, aliyenizaa mimi, ndiye fundi, mimi ni msaidizi. Kokwa ni ngumu kama jiwe. Anaiweka juu ya gogo, anaweka makali ya kisu kwenye ule mstari wa kokwa, anagonga na rungu, pa, inafunguka na mbegu nyeusi ndogo ndani haijakwaruzwa. Mimi nikigonga naua mbegu. Ukishatoa unakata kidogo ile ncha, unaloweka usiku kucha, asubuhi unapasua ganda la juu kwa urefu na wembe, taratibu sana, alafu unazika kwenye mchanga safi chini ya nailoni ambapo joto linapanda kweli kweli. Ukiruka hatua moja unangoja mpaka uchoke. Nimeambiwa na watu wengi "mukau hauoti". Unaota, ila unataka mkono.

Septemba 2023

Miche iko kwa vifuko, imefika urefu wa kiganja na zaidi, mingine mara mbili ya hiyo. Tofauti za urefu tayari zinaonekana ila sitaki kuzisema sana, mche mdogo bado unakula akiba ya mbegu yake, na mbegu kubwa inatoa mche mkubwa, hiyo ni chakula cha mama tu.

Kitu nilichokifanya mwezi huu ni kutoa sadaka miche kadhaa ya ziada kutoka kila mama, nikapasua vifuko, nikaosha mizizi pole pole ndani ya beseni na kuilaza juu ya gunia. Kaeni hapo mwangalie. Kuna mama mmoja wa Tharaka, namwita T5, miche yake ina majani mapana mazuri, shina nene, ukiiona juu unaipenda mara moja, alafu chini mzizi mkuu mfupi na vijizizi vingi vimetapakaa kando. Na kuna mmoja wa Kasigau, S2, juu ni mche mdogo wa kuonea huruma lakini mzizi mkuu umeshuka mpaka chini ya kifuko ukajikunja mara ya pili ukitafuta pa kutokea. Mti una sukari kiasi fulani kwa siku, ikienda juu haiendi chini.

Si mukau peke yake. Kwa mkababu, ule mti unaochipua majani wakati wa kiangazi, watafiti wameona miche ya asili ya Afrika Magharibi inazamisha mzizi ndani zaidi kuliko ya kusini mwa Afrika, na ile ya kusini ikipelekwa Saheli ikawa inakufa zaidi. Na kwa mukau wenyewe watafiti, Mulatya na wenzake, walichapisha 2002 kuhusu mizizi, kwamba inatofautiana kulingana na mbegu imetoka wapi, na mche wa kipandikizi mizizi yake inalala juu juu kuliko mche wa mbegu. Hiyo ya mwisho ni muhimu kwa mwenye kupanda mahindi chini ya mti, lakini pia kwa ukame.

Novemba 2023

Tumepanda. Idara ya hali ya hewa ilishasema El Niño na imekuja kweli, mvua inanyesha kama ina deni. Tarehe 13 serikali ilitoa siku ya mapumziko nchi nzima watu wapande miti, lengo ni bilioni 15 kufikia 2032, na nilifurahi kuona watu wametoka na majembe. Ila nilikuwa nauliza pale nilipopita, hii miche mbegu yake imetoka wapi, na karibu kila mtu ananiangalia kama nimeuliza jina la babu wa kuku. Watu wanauliza aina ya mti tu, basi. Mche uliotoka mahali pa mvua ya kutosha ukipandwa mahali pa milimita 500 kwa mwaka utaota vizuri tu mwaka wa kwanza ukibahatika, hapo ndipo tunadanganyika.

Mpangilio wa shamba: bloku tatu kufuata mteremko, ya juu kuna changarawe, ya kati udongo mwekundu wa mchanga, ya chini udongo mzito unaoshika maji. Kila mama ana miche kwenye kila bloku na nafasi zimepigwa kura, sikuchagua. Ningepanda wa Kibwezi wote juu na wa Kitui wote chini ningekuwa napima mteremko wangu, si miti. Mashimo futi mbili kwenda chini, mita 4 kwa 4, udongo wa juu umerudishwa kwanza na mbolea ya mbuzi. Fensi ni ya miiba, mbuzi wa jirani walishakuja kukagua.

Februari 2024

Mvua iliisha vizuri na miti imechangamka kupita nilivyotegemea, T5 ndio mbele ya wote, mingine imenipita kichwa. Napitia kila wiki kuvunja machipukizi ya pembeni na kidole yakiwa bado laini, usipofanya hivyo utapata kichaka badala ya mbao.

Mzee jirani amekuja akatembea mistari yote mikono nyuma, akasimama kwa T5.

"Kijana wangu, mbegu ndiyo hii. Msimu ujao unitengee miche yake."

"Mzee, tungoje kiangazi kwanza kipite."

"Ukingoja sana utakuta wenzako washauza mbao."

Namheshimu sana na najua anachosema, lakini hapa ndipo nataka kuwa mkaidi. Miti imekunywa maji ya El Niño, mti ukiwa na maji ya kutosha unatuonyesha kitu kimoja tu, mwendo wake. Uvumilivu wake bado haujaulizwa.

Mei 2024

Mafuriko. Mvua ndefu imekuja juu ya ile nyingine, sehemu nyingi za nchi watu wamepoteza nyumba na wengine maisha, tarehe 10 ilikuwa siku ya kuwakumbuka na kupanda miti tena. Hapa kwangu ni bloku ya chini ndiyo iliyoumia, maji yalisimama. Mukau haupendi kabisa miguu kwenye maji, mizizi inahitaji hewa ya oksijeni na udongo uliolowa hauna, mzizi ukifa jani linanyauka na maji yako pale pale chini yake. Ukiangalia juu tu unaweza kusema ni ukame.

Kitu cha kuandika ni kwamba S2, yule wa mzizi mrefu, ndiye aliyepoteza wengi kule chini. Mzizi ulishuka ukakutana na maji. Kwenye bloku ya juu S2 hana shida yoyote. Ile inaitwa kwa lugha ya utafiti mwingiliano wa jeni na mazingira, na ukitaka kuielewa bila hesabu ni hivi: mpangilio wa nani wa kwanza na nani wa mwisho unabadilika ukibadilisha mahali. Kwa hivyo ukisikia "mbegu bora" bila kuambiwa bora wapi, uliza tena. Mbegu za bustani zimetulia, hazikuongoza wala kubaki nyuma kwenye bloku yoyote, na ndivyo inavyotakiwa, zilichaguliwa kutoka mama wengi.

Septemba 2024

Kiangazi cha kati. Sasa ndio nafika kwa kile nilichokuwa nasubiri. Kila Jumamosi napita na daftari nikitoa alama za majani, sifuri ni mti umejaa majani na nne ni mti umebaki fimbo. Mukau unapukutisha majani wakati wa kiangazi hiyo ni kawaida yake, na mara nyingi unatoa mapya kabla hata mvua haijafika, kwa hivyo jani kuanguka peke yake si ugonjwa. Ninachotafuta ni lini, kwa mpangilio gani, na ni nani anang'ang'ania.

T5 anang'ang'ania. Mchana wa jua kali bado ana majani yote, na watu wanapita wanasema huyo ndiye mwanaume. K3, mama kutoka hapa hapa Kitui, ameshaanza kumwaga, ya chini kwanza, alafu ya kati. Watu wanamwonea huruma.

Niliazima maikroskopu ya shule kwa mwalimu rafiki yangu tukafanya ile ya rangi ya kucha. Unachukua jani lililokomaa, la changa lina manyoya litakusumbua, unapaka kyutekisi isiyo na rangi upande wa chini, unaacha ikauke, unabandika seloteipu unabandua, inatoka na chapa ya ngozi ya jani. Ukiweka chini ya lenzi unaona stomata zote, vile vitundu ambavyo jani linapumulia, kila kimoja na midomo yake miwili. Tulichukua chapa asubuhi mapema na saa saba mchana. Asubuhi miti yote midomo wazi. Saa saba, K3 karibu yote imefungwa, mstari mwembamba tu unaonekana. T5 mingi bado iko wazi. Vijana wa shule walipiga kelele walipoona, na mimi pia nilitaka kupiga.

Maana yake ni hii. Kukiwa na ukame homoni ya ABA inaongezeka, inaambia vitundu vifunge, maji hayatoki. Lakini kitundu kile kile ndicho kinaingiza hewa ya kutengenezea chakula, kwa hivyo anayefunga mapema anaokoa maji ila anakaa na njaa. Anayeacha wazi anaendelea kula, ila analipa kwingine: maji ndani ya shina yanavutwa juu na jani kama soda kwenye mrija, udongo ukikauka mvuto unazidi, unazidi, mpaka hewa inaingia ndani ya mirija na kukata mkondo. Mrija ulioingia hewa haupandishi maji tena. Ikikatika mingi, kichwa kinakauka. Hakuna njia ya bure kati ya hizi mbili, na kila mti umezaliwa umeegemea upande fulani.

Januari 2025

Mvua fupi za mwaka jana zilikuwa mbaya huku kwetu. Zilichelewa, zikanyesha kidogo, zikaondoka. Kwa shamba la mahindi ni hasara na sitaki kuliongea kana kwamba ni jambo zuri, nyumbani tulivuna kunde kidogo tu. Lakini kwa daftari hili ndio msimu wenye maneno.

T5 kwenye bloku ya juu mingi imekauka kuanzia kichwani, mingine futi nzima mingine zaidi, ukikwaruza gome kwa kucha juu ni kahawia kavu na unashuka shuka mpaka unafika penye kijani. Michache imekufa kabisa. K3 aliyesimama fimbo tupu tangu Septemba alitoa majani na zile mvua chache zilizoanguka na akaendelea, kimo chake sasa kinazidi cha T5 nyingi kwa sababu yeye hakupoteza kilichokuwepo. S2 bloku ya juu hata majani alibaki nayo, nadhani mzizi umefika mahali ambapo wengine hawajafika, nadhani tu, siwezi kuchimba mti wa majaribio nione. Bustani iko katikati, imepoteza wachache.

Sasa kuna kitu nilitaka kukipigia mstari zaidi ya hayo yote. Ndani ya T5 yenyewe, mama mmoja, bloku moja, kuna mti mmoja ambao haukukauka hata ncha. Umesimama kijani katikati ya ndugu zake. Nilikwenda kupima udongo pale kwa jembe, ni changarawe ile ile. Na ndani ya K3 kuna wawili waliokauka. Nikiweka alama zote kwenye eksel na kuchora, tofauti ndani ya watoto wa mama mmoja ni kubwa, saa zingine kubwa kuliko tofauti kati ya Kitui na Tharaka. Hii ndiyo hali ya miti mingi inayochavushana na wengine, sehemu kubwa ya utofauti wa jeni iko ndani ya kundi moja, si kati ya makundi. Tunapenda kusema "mbegu ya Kibwezi" kana kwamba Kibwezi ni mti mmoja.

Hapo pia najizuia nisiruke. Si kila tofauti ni jeni. Huko Norway watafiti waligundua kwa mti wa sprusi kwamba joto lililokuwepo wakati mbegu inajitengeneza juu ya mti mama linabadilisha lini mtoto atafunga vichipukizi vyake kungoja baridi miaka baadaye, mbegu ya wazazi wale wale ikitengenezewa mahali pa joto inatoa watoto wenye tabia ya watu wa joto. Mbegu zangu zote zilijitengeneza wakati wa ule ukame wa misimu mitano, kwa hivyo huenda wote hawa wamezaliwa wakijua kiu kidogo. Kukata hiyo itabidi nikusanye tena kwa mama wale wale baada ya mwaka wa mvua na kupanda kando yao. Mbegu za baada ya El Niño tayari Mama ameshaanza kugonga.

Machi 2025

Mzee jirani amerudi. Aliangalia T5 muda mrefu, akakwaruza gome moja mwenyewe.

"Kwa hivyo nipande hii nyembamba?"

"Hapana mzee. Chukua ya mama wengi, changanya."

"Kuchanganya nitajuaje ipi ni ipi?"

"Hauhitaji kujua. Kiangazi kitakuchagulia, wewe panda karibu karibu, alafu upunguze baadaye."

Alikubali nusu. Anataka zote ziwe zimenyooka na anataka kuuza kwa pamoja, na hilo ni jambo la maana, mukau unachukua zaidi ya miaka kumi mpaka uwe mbao na hakuna anayetaka kungoja hivyo kwa mti uliopinda. Nimempa mchanganyiko wa mbegu za bustani na za mama wangu sita waliosimama vizuri kwenye bloku zaidi ya moja. T5 yumo. Kuna watu wataniuliza kwa nini, nikishaona alivyokauka: kwa sababu ya ule mti mmoja, na kwa sababu shamba la mzee liko bondeni karibu na mto mkavu ambapo maji ya chini hayako mbali, pale mkimbiaji anaweza kulipa. Kumtoa kabisa ni kutupa kitu ambacho siwezi kukirudisha.

Ninachokataa ni kile ambacho watu watatu wameshaniomba, nikate vikonyo vya ule mti mmoja wa kijani nipandikize ekari nzima. Ekari nzima ya mti mmoja inakutana na ugonjwa mmoja au mwaka mmoja wa mafuriko na yote inalala pamoja, na tayari nimeona Mei walivyofanya wa mizizi mirefu kule chini. Huo mti nimeuzungushia waya, nitaupandikiza michache tu nione kama tabia inamfuata au ilikuwa ni mahali pale.

Kazi ya msimu unaokuja ni kupima unene wa shina na kalipa kabla mvua haijachanganya, kuziba mapengo ya bloku ya chini, na kutafuta njia ya kupeleka majani makavu mahali panapopima kaboni 13, ambayo inaonyesha mti umetumia maji kwa ubahili kiasi gani maisha yote ya lile jani na si saa saba ya siku moja tu. Pia nina upungufu mkubwa wa kaskazini. Mukau uko Isiolo, uko Moyale, Waborana wanauita bamba, na kwenye shamba langu hakuna hata mmoja wa huko. Aliye huko na ana mikau inayozaa shambani au karibu: weka alama kwenye mti mama, piga picha ya shina na ya matunda, andika kama mahali pale maji husimama au la, ruka mti ulio peke yake, na usichukue kokwa za bomani. Kufikia Juni zikiwa zimefika tutazigonga na mvua ya Oktoba zitaingia ardhini kwenye bloku zote tatu.